Kumwongoza mgeni wa kanga na bata Dodoma: kazi huanza kabla ya bunduki

Vijana wanaoniomba niwafundishe kuongoza wawindaji wa ndege karibu wote huanza na swali la bunduki: ya aina gani, inapiga mbali kiasi gani. Mimi huwapeleka kwanza bwawa la Hombolo, na darubini tu. Bunduki mgeni atakuja nayo, na kulenga anajua. Anachokosa ni macho ya mwenyeji. Wewe ndiye utakayemwambia "piga" na wewe ndiye utakayemwambia "acha", na siku nyingi "acha" zitakuwa nyingi kuliko "piga". Kijana asiyeweza kumwambia hivyo mtu aliyelipa fedha nyingi na kusafiri mabara mawili, namshauri atafute kazi nyingine, maana hii itaharibika mikononi mwake na ndege wataisha mbele ya macho yake.

Karatasi nitazipitia haraka. Uwindaji wote unatawaliwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Leseni hutaja aina ya ndege, idadi na eneo. Kisichotajwa humo hakipigwi. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna uwindaji kabisa. Kwenye mapori ya akiba kama Rungwa, Kizigo na Muhesi upande wa Manyoni, uwindaji wa kitalii hufanyika ndani ya vitalu, yaani maeneo ambayo kampuni zimepewa kuwindia, akiwepo mwindaji bingwa mwenye leseni pamoja na askari wa wanyamapori. Wewe wa ndege uko chini ya hao wawili, usijifanye mkubwa wao. Bunduki ya mgeni inaingia nchini kwa kibali cha polisi. Hupigi ukiwa ndani ya gari, hupigi usiku kwa taa. Msimu hufunguliwa Julai, wakati makinda ya mvua zilizopita yamekwisha kukua, na hiyo ndiyo sababu ya kutosha ya kuuheshimu.

Sasa mgeni mwenyewe. Wengi wa wageni wangu wametoka Marekani, na wamelelewa kwenye uwindaji wa batamzinga mwitu. Kwao, majira ya machipuo, mwindaji hukaa ameegemea mti tangu giza la alfajiri, kavaa mabaka toka kofia hadi viatu, hata uso kaufunika. Huigiza sauti ya jike kwa kiboksi cha mbao mpaka dume lije lenyewe likiwa limetandaza mkia. Anapiga mmoja, kichwani, ndege akiwa amesimama ardhini. Wanaupenda uwindaji huo kwa dhati, kwa sababu batamzinga walikaribia kuisha nchini mwao mwanzoni mwa karne ya 20. Waliokolewa kwa kukamatwa mahali walipobaki na kuhamishiwa majimbo mengine, na sehemu ya gharama ilitoka kwenye kodi ya bunduki na risasi iliyoelekezwa kwenye wanyamapori kwa sheria ya mwaka 1937. Mgeni akianza kukusimulia habari hiyo msikilize vizuri. Mtu anayejua ndege wanaweza kuisha na wakarudishwa hatakununia ukimwambia acha.

Ila mabaka ayaache nyumbani. Hilo mwandikie mapema, kabla hajafunga begi. Huku raia havai nguo zinazofanana na za jeshi, JWTZ hawana mzaha nalo, na kusema "nilinunua duka la wawindaji" hakumsaidii mtu. Khaki na kahawia vinatosha kabisa kwenye nchi yenye udongo na nyasi kama zetu. Mwambie pia asibebe mifuko ya plastiki, ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Ndege tunabeba kwenye vikapu, na wanapata hewa, hawachachi. Aongeze sweta. Watu hufikiri Dodoma ni joto tu, lakini alfajiri ya Julai na upepo wetu ule, mgeni anayetetemeka hawezi kulenga.

Kanga ndiye ndege nitakayekaa naye zaidi, maana ndiye anayewasumbua wageni wa batamzinga. Wanataka kukaa chini ya mti na kumwita. Haji. Dume la batamzinga huja peke yake kwa tamaa; kanga huishi kwa kundi, na kundi la ishirini lina macho arobaini, huku mmoja wao akiwa daima amesimama juu ya kichuguu anawalinda wengine. Akikuona yeye, wamekuona wote. Tena hawaruki kwanza, wanakimbia, na hakuna binadamu wa kumfukuza kanga kwenye vichaka vya mgunga akamfikia.

Kwa hiyo kazi unaifanya jioni ya kuamkia siku hiyo. Nenda peke yako au na mzee wa eneo hilo, bila mgeni. Upande wa Chemba nimejifunza mengi kwa wazee wa Kisandawe, watu ambao ufuatiliaji wa nyayo wameurithi kwa babu zao, na hakuna mwindaji bingwa atakayekufundisha kama wao. Wakati wa kiangazi kanga hulala kwenye miti mikubwa kando ya makorongo, mibuyu na migunga mirefu. Jua likikaribia kuzama utawasikia, kelele zao zile kama mlango wenye bawaba kavu, wakipandana mtini mmoja mmoja. Angalia chini ya mti: kinyesi kingi, cha zamani na kibichi, na manyoya ya madoa. Ukishaupata mti, ondoka kimya. Kuwapiga wakiwa wamelala juu ni kufyeka kundi zima, na hata wachache wakibaki, mti ule watauhama. Mgeni akikuuliza kwa nini msingojee pale pale, mjibu hivyo hivyo ulivyo ukweli.

Asubuhi usikurupuke. Siku za baridi kanga hukawia kushuka, wanasubiri jua liwapashe. Wakishuka huelekea majini, halafu mashambani kwenye mabua ya mtama na uwele yaliyovunwa. Waache wanywe, waanze kula, watawanyike kidogo. Hapo una njia mbili.

Ya kwanza ni kuvunja kundi. Watu wawili au watatu watokee ghafla, kwa mbio na kelele, toka upande ambao kundi halitegemei, kanga waruke kila mmoja na njia yake. Bunduki ziwe tupu wakati huo, nasisitiza, tupu na zimefunguliwa, mtu asishawishike. Kisha kaeni chini kama robo saa. Kanga aliyetenganishwa na wenzake hana tena yule mlinzi wa juu ya kichuguu, kwa hiyo haikimbilii miguu yake. Anajibanza kwenye nyasi na kutulia. Ndipo mgeni ajaze bunduki, atembee taratibu upepo ukimpiga usoni, hatua kumi, asimame. Atembee tena, asimame. Kile kusimama ndicho kinachomtoa ndege, kwa sababu anadhani ameonekana. Anaruka karibu, mmoja, peke yake, na mgeni ana nafasi ya kumtazama kabla ya kuamua. Mkisikia wameanza kuitana kutoka pande mbalimbali, ujue wanajikusanya, na baada ya muda mfupi mtakuwa na kundi na mlinzi wake tena.

Ya pili ni kusukuma. Bunduki zinapangwa kwenye mstari mbele, wasukumaji wanakuja kutoka mbali wakigonga fimbo kwenye vichaka, kanga wanainuka na kupita juu ya wawindaji. Inapendeza, na ndiyo inayoweza kuua mtu. Wasukumaji wawe watu wazima, siyo watoto wa shule wanaotafuta hela ya daftari. Kila mmoja ajifunge kitambaa chekundu kichwani. Mgeni umwekee sharti moja ambalo halina msamaha: ndege apigwe tu ikiwa anga inaonekana chini yake. Asipoona anga chini ya ndege, kuna kichaka, na kwenye kichaka kuna mtu. Wasukumaji wakifika mita mia moja hivi, piga filimbi. Kuanzia hapo hakuna kupiga mbele tena, ni nyuma tu, na bunduki inageuka ikielekea juu, haipiti usawa wa watu. Mgeni akivunja sharti hilo mara moja, mvueni risasi, mwindaji bingwa akiwepo, siku imekwisha. Sijali analipa kiasi gani.

Kanga wa kwanza akianguka, mpasue gole, ule mfuko wa chakula shingoni, palepale, kabla ya picha. Hili ni jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii. Mimina vilivyomo kwenye kiganja. Ukikuta mtama mtupu, kundi liko mashambani na kesho litakuwa huko. Ukikuta vijiazi vyeusi vya ndago, vile vidogo kama punje ya mbaazi, wanachimbua kwenye udongo wenye unyevunyevu, kwa hiyo kwenye ukingo wa bwawa au bonde la mpunga. Ukikuta mchwa wengi, wako porini kwenye vichuguu na usiende shambani kabisa. Mwoneshe mgeni pia, umwambie kila punje ni ya nini. Wengi huniambia baadaye kwamba hicho ndicho walichokikumbuka.

Mfundishe kutofautisha umri. Kanga mchanga wa mwaka huu ana pembe fupi kichwani na shingo yenye manyoya ya kahawia. Mzee ana pembe ndefu na ngozi ya bluu iliyo tupu. Ukiweza kuchagua, chukua wa mwaka huu, wazee waache wazae tena mvua zikija. Na kwa nyama pia utafurahi, kanga mzee anahitaji kuchemshwa muda mrefu sana kabla hajagusa mafuta.

Kwale sina mengi ya kusema: pembezoni mwa mashamba, asubuhi na jioni, wawili wawili, waruke kwanza ndipo upige. Firigogo, ndege wa nchi kavu anayefanana na njiwa, ana jambo moja. Huja majini asubuhi kwa makundi madogo, wanatua, wanakunywa haraka, wanaondoka. Ukimwona dume anaingia majini na kulowesha manyoya ya tumbo, akitikisika, ana makinda mahali pakavu mbali na pale na anawapelekea maji kwa manyoya yake. Huyo aachwe. Ukimpiga, makinda yale hayana wa kuyaletea maji.

Bata wanataka akili nyingine. Hombolo, bwawa lililojengwa mwaka 1957, lina wavuvi na watu wengi, kwa hiyo pale ni darasa tu, hatupigi. Bahi vilevile naitumia kufundishia: mto Bubu unamwaga maji yake kwenye bonde lile na hayana pa kutokea, kwa hiyo mwaka wa mvua nyingi ni ziwa lenye ndege usioweza kuwahesabu, flamingo wakiwemo, na mwaka wa ukame ni udongo uliopasuka. Jifunze pale kumjua bata kwa umbo na sauti akiwa angani, kwa sababu kitaluni utakuwa na sekunde chache. Anayepiga mluzi na miguu inapita mkia ni yule bata wa uso mweupe. Mwenye mgongo unaong'aa, na dume ana kinundu juu ya mdomo, ni mwingine. Bata bukini wa Misri ana paji jeupe kubwa bawani na duara la kahawia jichoni. Bata bukini mweusi, mkubwa kuliko wote, ana mwiba kwenye kiungo cha bawa. Huyu umshike kwa uangalifu hata akiwa amekufa. Gambia imewahi kuonekana kwamba nyama yake inaweza kuwa na sumu, kwa sababu anakula mbawakavu wa malengelenge, kwa hiyo mimi simpikii mgeni.

Maficho ya bata wengi huyaweka mahali pabaya kwa sababu wanafuata mahali penye majani marefu. Fuata upepo. Kiangazi chetu upepo hutoka mashariki na kusini mashariki, na bata hutua akiukabili upepo. Maana yake anakuja akitokea magharibi, uso wake mashariki. Ukimkalisha mgeni ukingo wa mashariki alfajiri, ana upepo mgongoni, jua likichomoza liko mgongoni, na bata wanamjia usoni jua likiwapiga machoni. Jioni mambo yanageuka, jua linamchoma mgeni, anapiga asichokiona vizuri. Kwa hiyo bata ni asubuhi, jioni ni ya kutafuta miti ya kanga.

Chomeka vijiti viwili kwenye tope, hatua thelathini kutoka alipokaa mgeni, kushoto na kulia. Bata aliye nje ya vijiti hapigwi. Hii inahusiana na risasi zenyewe. Golori, vile vidonge vidogo vilivyo ndani ya risasi, zikiwa za madini ya risasi na zikaanguka majini haziozi. Bata humeza changarawe ili firigisi isage chakula, na anameza golori akidhani ni changarawe. Firigisi inaisaga, sumu inaingia mwilini, anakonda na kufa wiki kadhaa baadaye bila tundu mwilini. Marekani walizikataza kwa ndege wa majini nchi nzima mwaka 1991, na Tanzania imo kwenye mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, unaotaka ziondoke kwenye maeneo oevu. Mgeni aje na golori za chuma. Chuma ni chepesi, kinapoteza nguvu mapema, kwa hiyo achukue golori kubwa zaidi kwa namba mbili kuliko alizozoea, yaani kama alitumia namba 6 achukue namba 4 (namba ikipungua, golori inakua), na asipige mbali. Ndiyo kazi ya vile vijiti.

Usiruhusu kupigwa bata atakayeangukia maji ya kina. Bwawa la Mtera lina mamba na viboko, na nimeona kiongozi akimtuma kijana wa kijiji aogelee kufuata bata mmoja ili hesabu ya mgeni itimie. Hakuna ndege mwenye thamani hiyo. Hata pasipo na mamba kuna kichocho, kwa hiyo viatu vya mpira hadi magotini. Mpange mgeni ili ndege aangukie nchi kavu, na kama haiwezekani, acha. Acha pia ukiona bata wanakimbia juu ya maji wakipiga mabawa bila kuinuka: wanabadili manyoya ya mabawa, hawawezi kuruka kwa majuma kadhaa. Korongo taji yuko hatarini kutoweka duniani, huyo hata bunduki isielekezwe upande wake. Flamingo, mwari na korongo wengine wote vivyo hivyo.

Kijijini pita kabla ya mgeni. Mwone mwenyekiti na mtendaji, salimia kwa utaratibu, Mbukwenyi kwa Wagogo, kaa, ndipo ueleze. Muulize bwana shamba swali hili kila mara: je, kwelea kwelea wamepuliziwa dawa hivi karibuni? Ndege ya serikali ikishapulizia, ndege wengine hula wadudu na kwelea waliokufa, na nyama ya eneo hilo usiiguse. Usinunue kanga wa mitego ili ujaze kikapu cha mgeni. Manyoya na matumbo mfukie, yasitupwe karibu na banda la kuku wa mtu, maana ndege wa porini wanaweza kuleta mdondo au mafua ya ndege.

Mwisho wa siku maganda ya risasi yote yaokotwe, na vile vikombe vya plastiki vinavyotoka ndani yake, hata kama mnarudia njia nzima. Idadi ya ndege iandikwe mbele ya askari, pamoja na waliojeruhiwa na hawakupatikana. Hao nao huhesabiwa kwenye leseni ya mgeni kwangu mimi, hata akilalamika. Nyama igawiwe: mgeni ale ugali wa uwele na mlenda na kipande chake, inayobaki iende kwa wasukumaji na nyumba ya mzee aliyekuonesha mti. Malipo ya wasukumaji mpe kila mtu mkononi mwake, jioni ileile, siyo kupitia kwa kiongozi wao wala kwa ahadi ya kesho, na uwe umeyaweka tayari kwa noti ndogondogo kwenye bahasha tangu asubuhi.